Taa Zilizonifuata Kwenye Ukungu

Kuna watu huko Moi's Bridge ambao hadi leo wakiniona sokoni hucheka wakiwa wamefunika mdomo, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu mimi, mtu mzima mwenye digrii mbili na mvi za kutosha, ndiye niliyempeleka marehemu wao mahali asikotakiwa.

Yote yalianza na kitambaa chekundu. Mnajua vile magari ya matanga hufungwa kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni. Langu lilifungwa tulipoenda kumzika mwenzangu wa kazi, na baada ya mazishi sikukitoa, tena si kwa huzuni. Niligundua polisi wa barabarani hawalisimamishi gari la namna hiyo, na mimi nilikuwa mtu wa haraka (nilikuwa nasahihisha mitihani kwenye foleni ya benki), kwa hivyo pikapu yangu nyeupe ikaendelea kuomboleza wiki baada ya wiki hadi nikasahau kwamba inaomboleza.

Basi asubuhi moja ya Julai, daktari wangu mjini Eldoret akanipima presha, akapima tena.

"Mwalimu, punguza mwendo," akasema. "Na uongee na watu, hata usiowajua. Hiyo saa yako itakuua."

Nikaamua kutulia kuanzia dakika hiyo. (Hata kutulia nilitaka kuanza haraka.)

Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa kufanya ng'ombe aonekane kama nyumba. Nikawasha taa, nikashika barabara ya Kitale polepole vile sijawahi. Muda si mrefu nikaona kwenye kioo taa mbili nyuma yangu, na nyuma yake zingine, na zingine, zote zikitambaa kwa mwendo wangu, hakuna anayepiga honi, hakuna anayetaka kunipita. Dereva wa hapa kwetu asiyetaka kukupita, umewahi kumwona? Nikapunguza, zikapunguza. Nikaongeza, zikaongeza.

Mtu wa boda boda aliyekuwa akija akasimama kando, akavua helmeti, akainamisha kichwa. Wanaume waliokuwa wakipakia magunia wakaacha kazi, kofia mkononi, wakinitazama mimi.

Kwa woga nikasimama kwa mama mmoja anayechemsha mahindi kando ya barabara, angalau nitimize agizo la daktari. Taa zote zikasimama.

"Habari ya kazi, mama? Siku hizi watu tuna haraka sana, ama?"

Akanitazama, akatazama nyuma yangu, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, Mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda tu hivyo hivyo, polepole."

Niliporudi kwenye gari nilijishika shingo nione kama mshipa bado unapiga. Nicheke nisicheke, kwa kilomita kadhaa niliamini kwamba nilifia pale kliniki na kila mtu anaona aibu kuniambia.

Nikakata kona kuingia barabara yetu ya murram, isiyo na lami. Taa zikakata kona. Nikapiga honi getini, mke wangu akatoka na mwavuli, akafungua, akaniona, halafu akaona gari refu jeusi lenye jeneza likitokea kwenye ukungu kuelekea kabichi zake.

"Baba Chebet," akasema akiwa ameshikilia geti, "umetuletea nani?"

Dereva wa gari hilo akashuka, akajinyoosha, akaniuliza kwa heshima, "Mzee, kaburi liko upande gani?"

Nyuma yake akaja mama mwenye leso nyeusi kichwani, mjane mwenyewe. "Shemeji, mbona hapa si kwetu?" Akanikaribia, akaona mimi si shemeji, halafu sote tukakitazama kile kitambaa changu.

Shemeji yake alikuwa na pikapu nyeupe na kitambaa kama changu, na ndiye aliyekuwa akiongoza msafara kutoka mochari. Lori likaingia kati yake na wao kwenye ukungu, na lilipotoka wakaniona mimi. Sasa shemeji alikuwa Moi's Bridge, akifoka kwenye simu mpaka wote tukamsikia: huko mvua inanyesha, maji yanaingia kaburini, na wasipofika kabla mchungaji hajaondoka, marehemu atarudishwa mochari.

Kusikia hivyo nikasahau daktari. Nikamwambia dereva ageuze upesi, hapo hapo kando ya kabichi, mahali ambapo hata kuku wetu wanajua udongo ni laini. Gari la maiti likazama.

Tukangoja trekta ya jirani. Mke wangu akapika chai ya watu wote, na mjane akaketi karibu nami kwenye baraza, akitazama jeneza kupitia ukungu.

"Alikuwa anakimbia kama wewe," akasema.

"Umejuaje nakimbia?"

"Tangu tukae unaangalia saa. Chai yako imepoa." Akarudisha macho kwenye jeneza. "Daktari alimwambia apunguze mwendo. Akasema atapunguza tukishavuna."

Nikajikuta namwambia yangu, presha na yote, ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

"Hiyo sijaisikia," akasema mke wangu, aliyekuwa nyuma yetu na birika.

Mjane akatutazama sote wawili. "Maisha yake yote hajawahi kuchelewa popote," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza." Akacheka, kweli akacheka, kisha akafuta macho kwa leso.

Trekta ilipolivuta gari, hakuna aliyejua njia ya kutokea.

"Tangulia," mjane akaniambia. "Lakini usikimbie."

Nikatangulia, mke wangu kando yangu akiangalia mshale wa mwendo. Tulikuta vijana wakichota maji kaburini kwa ndoo na mchungaji bado yuko, amekunja suruali hadi magotini. Marehemu akazikwa. Halafu mwenye maikrofoni akasema, "Yule aliyetaka kumzika ndugu yetu kwenye kabichi asimame tumwone." Nikasimama. Hata mchungaji alicheka.

Kitambaa nilikifungua pale pale, na sitakifunga tena bila jeneza. Tukirudi, polisi akanisimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, akachukua leseni, akauliza ninatoka wapi. Nikazima injini, nikamweleza yote kuanzia kliniki, bila kuruka kitu, hadi akanirudishia leseni yangu.

"Mzee, nenda tu," akasema. "Unanichelewesha."

Nikaondoka polepole. Nyuma yetu hakukuwa na taa hata moja. Mke wangu pia alikuwa anaangalia kioo.