Mtani Aliyegoma Kaburini

Bruda Nikolaus alijaliwa mwili wa watu wawili na sura isiyomfaa hata mmoja wao. Meno yake mawili ya chini yalichomoza kama ya ngiri. Watoto wa Usoke walipomwona juu ya baiskeli ya misheni walikimbia, kisha wakarudi kumtazama vizuri.

Mama yake, Veneranda, alikuwa Mnyamwezi. Baba yake, Mngoni mmoja kibarua wa reli, aliondoka kwa treni bila kulipa mahari. Kwa mila, mtoto wa namna hiyo ni wa ujombani. Mjomba wake Raymundi aliijua mila hiyo, ila aliisahau kila watu walipokuwa wanatazama.

Raymundi alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya cha ujamaa. Tisa zilikuwa za nyasi. Ya bati ilikuwa yake. Alitangaza kwamba binadamu wote ni sawa kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Veneranda alipofariki, Bruda alikuja msibani, akainama avue viatu akae mkekani na wafiwa.

"Hapo si pako," alisema Raymundi. "Baba yako Mngoni, na Wangoni ni watani wetu. Mtani halii, mtani anachimba."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jembe lile pale."

Watu wakacheka. Miaka ishirini ya utawa ilikuwa imemfundisha Bruda kutii. Kumheshimu anayeamuru, hilo haikumfundisha. Akachimba peke yake kaburi zuri, pembe zimenyooka kama za kabati. Jeneza lilipofika, akajilaza ndani.

"Bruda, toka tuzike!" alisihi Anselm, katekista.

"Mtani hatoki kaburini bure. Si ndiyo mila? Mjomba ndiye kanipa kazi."

Wanaume wanne walimvuta. Wangevuta gogo la mninga wangefika mbali zaidi. Raymundi akaahidi kuku, kisha mbuzi. Bruda akafumba macho.

"Unataka nini, ngiri we?"

"Uwaambie watu mimi ni nani kwa marehemu."

Raymundi akatazama viatu vyake vipya. Wabebaji wa jeneza wakabadilisha mabega.

"Sema basi!" alifoka bibi Apolinaria, jirani wa marehemu. "Dada yako anaungua na jua, wewe unachagua maneno!"

"Toka, mpwa wangu," alisema Raymundi, kama anayetema mwiba wa samaki.

"Huku chini hakusikiki."

"Mpwa wangu! Mtoto wa dada yangu! Toka!"

Bruda akatoka, akajikung'uta, akampokea mama yake kwa mikono miwili, akamshusha taratibu. Katekista akamaliza sala. Kisha Bruda akaenda kukaa mkekani, katikati kabisa, na hapo ndipo alipolia.

Kaburi likabaki wazi.

"Nani anafukia?" aliuliza katekista.

"Mtani," alisema Raymundi.

"Yupi? Tuliyekuwa naye umeshamwita mpwa."

Watu wote wakamtazama balozi. Raymundi alilitazama jembe, kisha akaanza kufungua kamba za viatu vyake vipya.