Kichura cha Ijumaa, Posa ya Jumamosi

Jamani, kuna aibu ya kuanguka barabarani: unainuka, unajikung'uta, unaondoka. Yangu mie haikuwa hiyo. Yangu ilikuwa ya kushindwa kuinuka, tena sebuleni kwetu Chang'ombe, mbele ya wageni waliokuja kumposa dada yangu, na mpaka leo kuna majirani wakiniona wanauliza, "Edi, magoti yanaendeleaje?" Basi ngoja niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa kwa chumvi.

Nilikuwa binti niliyemaliza chuo, nipo nyumbani, natuma maombi ya kazi na hakuna anayejibu hata kwa kunikataa. Kichwa kikawa kizito. Nalala mpaka jua linawaka, naamka nimechoka kuliko nilivyolala, nikitumwa dukani nafika nimesahau nilichotumwa (siku moja nilirudi na kiberiti, mama alitaka vitunguu), na neno dogo tu la dada Sekunda lilitosha kunifanya nilie au nibamize mlango. Mama alivumilia siku nyingi, mwisho akaniuliza, "Mwanangu, hiyo hasira umeishika wewe au yenyewe ndiyo imekushika?" Nikaenda kujifungia chumbani.

Rafiki yangu Asia ndiye aliyenitoa ndani. Alinivuta asubuhi moja mpaka uwanja wa shule iliyo jirani, ambako vijana wa mtaani wanakutanaga kukimbia chini ya Kocha Mbwana. Mwanzoni nilitembea zaidi ya kukimbia, na nikikimbia watoto wa shule wananipita na mabegi yao mgongoni. Lakini wiki zikaenda, nikaanza kuona mambo. Usingizi unakuja wenyewe. Nikisoma ukurasa, naukumbuka. Hasira haikuisha, nisiwadanganye, ila sasa ilikuwa inapiga hodi kabla ya kuingia, napata nafasi ya kuvuta pumzi. Hakuna aliyeniambia, niliyaona kwenye mwili wangu mwenyewe.

Tatizo langu mie nikipenda kitu sijuagi kiasi.

Ikafika wiki ya posa. Ijumaa mchana Sekunda, ambaye wasiwasi ulikuwa umempanda mpaka kwenye nyusi, akaniambia, "Edi, nakuomba kitu kimoja tu. Kesho usinichafulie siku yangu na hivyo visirani vyako." Iliniuma, sababu nilijiona nimebadilika. Lakini sikubamiza mlango. Nikakaa nikapiga hesabu za kijinga: kama mbio kidogo zinatuliza hasira kidogo, basi nikifanya mazoezi mengi leo, kesho si nitakuwa mpole kama malaika kutwa nzima? Hapo ndipo nilipojiloga.

Jioni nikaenda uwanjani, siku ambayo wale wazoefu wanaruka kichura, yaani unachuchumaa mpaka chini, unashika masikio, halafu unaruka mbele kama chura, ile adhabu ya shule ya msingi. Kocha akaniona nimeingia kwenye mstari. "We Edi, toka huko, hujafika huko." Nikamwambia naweza. "Mazoezi siyo pilau la shughuli, useme unakula leo la wiki nzima!" Nikacheka, nikaruka. Nikazunguka uwanja wote kwa kichura, wenzangu wakipumzika mie nazunguka tena, na niliporudi nyumbani nilikuwa mwepesi, nina furaha, nikamkumbatia Sekunda nikamwomba msamaha kwa visirani vyote tangu tuzaliwe. Akaniangalia kama mtu anayeangalia noti ya bandia.

Asubuhi miguu haikuwa yangu. Mapaja yalikuwa kama yamemwagiwa zege usiku. Chooni (choo chetu ni cha kuchuchumaa, sitaeleza zaidi) nilishikilia ndoo, nikashikilia bomba, nikamshikilia Mungu. Natoka huko najikongoja, mama ananiwekea jagi na beseni mkononi. "Wewe ndiye utakayewanawisha wageni. Na upige magoti vizuri, hao ni watu wa Bukoba, wanaangalia sana heshima."

Ningesema pale, "Mama, miguu imekufa," yangeisha. Lakini nikafikiria, Sekunda ataona nimeanza visirani. Nikapokea jagi.

Wageni wakafika, wakakaribishwa na baba mdogo, maana baba yetu ni marehemu. Wa kwanza kwenye kochi alikuwa mzee mnene wa suti ya kijivu, baba mkubwa wa bwana harusi mtarajiwa, Deo, na ndiye msemaji wao. Nikasogea. Nikashuka kama gunia lililokatwa kamba. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Akanawa. Nikataka kuinuka niende kwa wa pili. Mapaja yakakataa. Nikajaribu tena, nikatoa mlio ambao nikaugeuza kikohozi.

Nifanyeje? Nikalisukuma beseni sakafuni, nikamfuata mgeni wa pili kwa magoti. Halafu wa tatu. Halafu wa nne. Yule mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwa sauti, "Jamani, mnaona malezi hayo? Binti anatembea kwa magoti! Huku Dar nilidhani mambo haya yameisha." Wageni wakapiga makofi. Mama akatabasamu huku macho yake yakiniuliza umepatwa na nini. Mzee akanogewa, akamgeukia baba mdogo, "Na huyu naye ameshachumbiwa? Maana sisi vijana tunao."

Nikapagawa. Nikasema hapa nainuka kwa gharama yoyote. Nikashika kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa goti la yule mzee, nikajivuta, mguu ukakamaa, nikarudi chini, kiwiko kikalipiga beseni, na maji machafu ya mikono ya wageni wote yakaruka yakaishia kwenye mapaja ya ile suti ya kijivu.

"Mama, siinuki!" Ndicho nilichopiga kelele.

Shangazi yetu akadhani ni mapepo, akaanza kukemea, "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Deo na baba mdogo wakaninyanyua juu juu huku miguu imejikunja vilevile (kama kuku wa kwenda sokoni), wakaniweka kwenye mkeka karibu na mlango, na mlangoni majirani wameshajaa.

Nikadhani aibu imeisha, kumbe bado. Mzee akajifuta, akakohoa, uso umebadilika. "Ndugu zetu, samahanini, lakini hili lazima niulize. Ugonjwa huu wa miguu, upo kwenye ukoo?" Nyie, posa si mchezo. Pazia la chumbani likatikisika, nikaona vidole vya Sekunda vimelikamata. Nikajua nisiposema, siku yake imekufa kwa ajili yangu.

Machozi yalikuwa tayari. Zamani ningelia nijifunike kanga. Nikavuta pumzi kama tunavyofanya uwanjani, nikasema, "Baba, siumwi. Jana niliruka kichura." Nikaeleza yote: kichwa kilivyokuwa kizito tangu nimalize chuo, nilivyokuwa nalia ovyo, mbio zilivyonipa usingizi na akili kutulia, nilivyoogopa kumharibia dada siku yake nikaamua kumeza dozi nzima kwa jioni moja. "Ukoo wetu ni mzima wa afya. Mwenye matatizo ni mie na tamaa yangu."

Aliyeanza kucheka ni Sekunda, nyuma ya pazia, kicheko cha kukata mbavu. Mzee akafuatia, tumbo likicheza juu ya suti iliyolowa. Lakini mama mdogo wa Deo hakucheka. Alikuja akachutama pembeni ya mkeka, akaniuliza taratibu, "Hapo mnapokimbilia, mnapokea na wa kutoka mbali? Nina kijana wangu Gongo la Mboto, tangu amalize chuo hatoki chumbani." Nikamwambia amlete, aanze kwa kutembea.

Posa ilikubaliwa. Mie nilikula chakula changu nimelala ubavu, na Jumatatu nilirudi uwanjani nikichechemea, Kocha akaninyooshea kidole kwenye mstari wa wanaotembea. Nikaenda. Nimeapa sitaruka tena kichura kwa pupa, wala sitatafuta utulivu wa mwezi mzima kwa jioni moja. Lakini kuacha siachi. Nitakimbia mpaka nipate kazi, na nikiipata nitaendelea, kidogo kidogo, kila siku kwa kipimo chake. Na anayetaka kunicheka uwanja uko wazi, aje anicheke huku anakimbia.