Kiti Kimoja kutoka Beni

Kyakimwa alikuwa na digrii ya informatika na sauti isiyofika upande wa pili wa meza. Mjomba wake, tonton Timothée, aliyeuza mchele na sabuni kwa jumla pale Makiso, katikati ya Kisangani, aliona mapema kwamba mpwa huyu hafai kuwekwa mbele ya wateja. Akamweka nyuma ya magunia, pamoja na kompyuta. Huko Kyakimwa alikaa miaka mitatu bila kulalamika, na bila mtu kumsikia.

Shida yake ilikuwa moja. Mama yake alikuwa Beni, peke yake, katika mtaa ambao majirani walikuwa wakihama mmoja mmoja. Barabara ya kutoka huko, ile inayopitia Bafwasende, vita vilikuwa vimeikata tena; malori yalichomwa moto njiani na abiria wakatembea msituni siku nyingi. Ilibaki ndege.

Na ndege ilikuwepo. Mwezi huo wa kampeni, mgombea mmoja wa ubunge, Urbain Bolisomi, alikuwa amekodi ndege ndogo ya kumletea vitenge vyenye picha yake. Vitenge viliagizwa kupitia kwa tonton Timothée, vikaingia Beni kwa lori kutoka mpakani, kisha vikarushwa hadi Kisangani. Tonton aliomba kiti kimoja kwa ajili ya dada yake. Aliyemjibu ni Thierry, mkuu wa mawasiliano wa mgombea, kijana mwenye simu tatu.

“Ndege ni ya kampeni, papa Timothée. Haibebake bamama ya batu.”

Robota la kwanza la vitenge lilipofika, Kyakimwa ndiye aliyelifungua kulikagua. Kila kitenge kilikuwa na uso wa mgombea akitabasamu, na chini kabisa, kwenye pindo, anwani ya tovuti yake. Kyakimwa aliiandika kwenye kompyuta. Haikuwepo. Hakuna mtu aliyekuwa amelisajili jina lile. Thierry alikuwa ameanza na kitenge, kwa sababu katika mji huu mgombea asiye na tovuti bado ni mgombea, lakini asiye na kitenge ni mpita njia tu.

Kyakimwa alilisajili jina kwa mwaka mmoja, kisha akanywa chai.

Kufikia Jumatatu wanawake elfu tatu walikuwa wamejifunga anwani ile, na kila aliyesimama nyuma yao kwenye foleni ya maji aliisoma. Walioifungua walikuta ukurasa mweupe wenye maneno matatu: “Andika swali lako.” Waliandika. Na Kyakimwa, ambaye alilelewa kwamba barua hujibiwa, alijibu.

“Daraja letu litajengwa mwaka gani?”

“Sijui.”

“Kwa nini umeme unakuja Jumanne tu?”

“Sijui.”

“Vita vitaisha lini, Honorable?”

“Sijui. Mimi pia nangoja.”

Baada ya siku nne, waendesha toleka waliokuwa wakingoja abiria juu ya baiskeli zao walikuwa wakisimuliana habari za mwanasiasa anayekiri kwamba hajui. Baadhi walisema huyo watampigia kura. Mgombea mwenyewe hakufurahi.

Thierry alitafuta nani aliyelisajili jina, kisha akaingia dukani na simu zote tatu mkononi.

“Weye ndiye uliiba jina ya Honorable?”

Kyakimwa alitazama sakafu. “Sikuiba, papa Thierry. Ilikuwa bure.”

“Bure! Jina ya mutu iko bure? Bon. Nitaita batu ya usalama.”

“Waite,” akasema tonton Timothée kutoka kwenye kiti chake. “Lakini utawaeleza nini? Kwamba ulichapa anwani ya nyumba ambayo hujanunua?”

Thierry alikaa juu ya gunia. “Alors, munataka nini?”

Kyakimwa hakuweza kulisema. Alichukua karatasi, akaandika, akamsogezea: Kiti kimoja, Beni hadi Kisangani, Jumamosi. Mama Kavira. Kilo sitini na mbili. Akishuka, nitatoa nywila.

Thierry aliisoma mara mbili, kama mtu anayetafuta mtego. “Ni hii tu?”

“Ni hii tu.”

Jumamosi saa nne asubuhi simu ya tonton ililia. Ilikuwa Thierry, akiwa uwanja wa ndege wa Kisangani. Rubani alikuwa amempima mama huko Beni: kilo mia moja na kumi na nane. Kyakimwa alikuwa amesahau jambo ambalo hakuna Mnande, mtu wa huko Beni, anayepaswa kulisahau. Mama hasafiri kwenda kwa mwanawe mikono mitupu. Alikuja na gunia la maharage, ndoo ya viazi na vitunguu, na hakuna askari wala rubani aliyeweza kumwachisha mizigo hiyo.

“Ndege haiwezi,” Thierry alisema. “Ni robota ya mwisho ao mama. Na robota iko na vitenge mia tatu. Mama atangoja safari ingine.”

“Safari nyingine ni lini?”

“Haiko. Hii ndiyo ya mwisho.”

Tonton alimpa Kyakimwa simu. Aliishika kwa mikono miwili.

“Papa Thierry,” akasema, na kwa mara ya kwanza wapakiaji mchele kule nje walisikia sauti yake. “Leo kuna maswali arobaini na moja. Bado sijayajibu.”

Kisha Thierry akasikika akipiga kelele kwenye simu nyingine: robota lishushwe.

Saa nane mchana ndege ilitua. Mama Kavira alishuka kwanza, nyuma yake gunia, nyuma yake ndoo. Juu kulikuwa na baridi, na rubani alikuwa amempa kitenge kimoja cha mgombea ajifunike. Kyakimwa alimkumbatia muda mrefu, hata Thierry akalazimika kutazama kando. Halafu akampa Thierry karatasi yenye nywila, imekunjwa mara nne.

Mama alikuwa anaukagua uso wa kwenye kitenge uliomlalia begani.

“Huyu papa ni nani?”

“Sijui, mama,” akajibu Kyakimwa, akabeba ndoo.