Paka wa Rangi Tatu na Kifua cha Jovitha

Paka jike wa rangi tatu haleti aleji.

Hilo ndilo neno alilonipa Salma, mpangaji mwenzangu, tukiwa tunaanika nguo. Likanikwama kama mwiba wa samaki. Nikipika lipo, nikishona lipo.

Nikamuuliza kalitoa wapi.

"Kuna dada wa saluni, shoga yake ana mtoto wa pumu," akasema. "Paka wa rangi tatu analala naye shuka moja. Mtoto hata kikohozi hana."

Dada wa saluni, shoga yake, mtoto wake. Hakuna hata mmoja niliyemjua. Ila nilitaka iwe kweli, na ukishataka jambo liwe kweli, umeshaliwa kichwa.

Ngoja niwaeleze kwa nini nilitaka.

Tunakaa Ilala, chumba na sebule, ukuta mmoja na stoo ya unga. Panya wa pale wanakatiza mchana kweupe kama wapangaji wenzetu. Ukiwafukuza wanakuangalia kwanza.

Asubuhi moja binti yangu Jovitha, miaka minane, kaamka kidole cha mguu kina damu. Panya kamng'ata huku anampuliza. Mtoto hakusikia kitu.

"Paka anaingia humu wiki hii," akasema baba yake, Tarsis.

Sasa Jovitha na paka ni kesi. Akimshika tu, macho yanavimba na chafya hazikatiki. Na kifua chake tangu mdogo si cha kukiamini.

Ndiyo maana neno la Salma halikunitoka.

Nikaanza kufanya usaili wa paka.

Wa kwanza alikuwa dume jeusi la gereji ya jirani. Jovitha kambeba dakika tano, chafya nane. Nilihesabu.

Wa pili Upanga, kwa mteja wangu mmoja ninayemshonea. Mweupe, manyoya marefu kama zulia. Pale hata soda hatukumaliza, mtoto macho yakawa ya bondia.

"Mama, paka hawanipendi," akaniambia njiani.

"Wa kwako bado hatujampata," nikamjibu.

Jumamosi tukaenda Kariakoo kwa Mzee Mbaruku, muuza viungo na nafaka. Ana paka jike, mweusi, mweupe na manjano. Anaitwa Bizari.

Kabla ya kutoka nyumbani nikampa Jovitha nusu kidonge cha mafua. Wala sikuwa nawaza paka. Kila nikimpeleka Kariakoo nampa, maana lile vumbi na pilipili ya kusaga, bila hivyo anarudi kamasi tupu. Ni mazoea, mkono unaenda wenyewe kwenye kikopo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo mdalasini au hiliki?"

"Leo paka."

Mzee akacheka mpaka akashika mzani. "Wenzako wanakuja na orodha ya pilau. Haya, mtoto akae hapo ambebe."

Jovitha akakaa juu ya gunia la mchele, Bizari mapajani. Dakika kumi. Nusu saa. Akamlaza shavuni, akamnusa shingo.

Hata chafya moja hakupiga. Mimi mwenyewe nilipiga tatu, za pilipili manga.

"Mama, huyu ananipenda," akasema.

Nikasikia moyo unatua. Salma hakudanganya.

"Unamuuzaje, mzee?"

"Paka hauzwi, mama. Mchukue. Ila ukishindwa naye umrudishe hapa hapa, usimtupe barabarani."

Wiki ile panya walihama. Bizari alikuwa fundi kweli. Salma akawa anapita mlangoni ananitambia, "Si nilikwambia? Wewe unanionaga mimi wa umbea tu."

Lakini usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu. Jovitha alianza kukoroma. Mara pua imeziba. Mara anajikuna.

Nikalaumu udi wa Salma, nikamwambia asichome. Nikalaumu godoro, nikalitoa juani. Nikalaumu sabuni, nikabadilisha. Nikalaumu unga wa stoo. Nilizunguka nyumba nzima na kitambaa kibichi kama mtu aliyepoteza pete.

"Mama Jovi, si tumtoe huyu paka tuone?" Tarsis akaniuliza.

"Paka nimempima mwenyewe. Nusu saa, baba. Nusu saa."

"Haya, daktari."

Nikanuna siku mbili.

Jumatano ya wiki iliyofuata Jovitha karudi kutoka shule, kajitupa kitandani na Bizari wake. Mimi niko sebuleni, kwenye cherehani. Nikasikia kitu kama filimbi. Nikasimamisha mguu. Cherehani ikanyamaza, filimbi ikaendelea.

Ni kifua cha mwanangu.

"Jovi?"

"Ma... ma... si..." Hakuweza kumaliza neno. Midomo imeanza kubadilika rangi.

Sikumbuki kufunga mlango. Nakumbuka bajaji, na namwambia dereva "kaka, mtoto, mtoto," naye hakuniuliza kitu, alipita hadi pasipo na njia.

Hospitali wakamwekea mashine ya mvuke usoni. Nikasimama pale nahesabu pumzi zake. Baadaye rangi ikarudi.

Daktari, dada mdogo tu, akaniuliza nyumbani kuna nini. Nikamwambia kuna paka, ila si yeye, nimempima. Nikamsimulia usaili wote, na fahari yangu.

Akasikiliza. Halafu akauliza, "Siku ya huyo wa tatu, mtoto alikuwa amekula dawa yoyote?"

"Hapana. Ni nusu kidonge tu cha mafua, kwa ajili ya vumbi la..."

Nikaishia hapo.

"Hicho kidonge kinazuia chafya na macho kuvimba," akasema taratibu. "Ulipima dawa, mama. Paka hukumpima."

Nikakaa chini.

Nikamgeukia Jovitha. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia unaumia?"

Akasogeza ile barakoa ya mvuke kidogo. "Nilikuwa napiga chafya kwenye mto, usisikie. Wewe ulisema Bizari hana shida. Nikajua mwenye shida ni mimi."

Hapo ndipo nilipolia.

Bizari tulimrudisha kwa Mzee Mbaruku, kwenye kapu lenye kifuniko. Jovitha alimuaga kwa mbali, kwa mkono. Matundu ya panya Tarsis kaziba kwa saruji, na mtego upo.

Salma simlaumu. Neno lake liling'ata huku linapuliza, ila aliyelala nalo ni mimi.

Wewe unayetaka paka na nyumbani kuna mwenye aleji, epuka haya:

Kumpima mtu kwa paka siku aliyokula dawa ya mafua au ya aleji.

Kuchagua kwa rangi, kwa jike au dume, kwa manyoya marefu au mafupi. Daktari kaniambia shida iko kwenye mate na ngozi ya paka, na hakuna paka wa kumwamini asilimia mia.

Wewe mwenyewe kumpima mwenye pumu mitaani kama nilivyofanya. Anza kwa daktari.

Kuridhika na nusu saa. Kifua kinaweza kukudai baada ya siku kadhaa.

Paka kitandani.

Kudhani paka akiondoka yameisha. Shuka, mapazia, godoro, sisi bado tunafua mpaka leo.

Kumtupa paka barabarani. Yeye hajakosa.

Na kumwambia mtoto "hiki hakikudhuru" kabla hujamuuliza anajisikiaje.