Atakayeipokea Pumzi ya Bwana Satrio

Jua limeshapanda juu ya Puteoli, bandari ya Warumi, lakini chumbani kwa Bwana Satrio madirisha bado yamefungwa. Filero, mtumwa wake wa kumsomea, anakunjua gombo pale alipoishia jana na kuanza kwa sauti ya chini. Ni shairi la Kilatini. Linasema roho huzaliwa na mwili na hufa nao, kwa hiyo maiti hana cha kuogopa.

Mzee anasikiliza huku akitetemeka. Homa imemla, kabaki mifupa.

"Rudia hapo pa kutosikia maumivu," anasema.

Filero anarudia. Kazi hii ameifanya miaka kumi na miwili, na shairi hili ndilo analolichukia kuliko yote. Binti yake, Eukarpia, alifariki akiwa na miaka mitano. Kila Februari, mji unapowalisha wafu wake, Filero humpelekea kaburini mkate uliolowekwa kwenye divai.

"Nikisoma kwamba roho haibaki, ninamzika upya," ananiambia mimi mgeni wake, tukiwa nje ya chumba. "Ule mkate nampelekea nani, basi?"

Sasa limemfika kubwa zaidi. Desturi inataka ndugu wa karibu aweke mdomo kwenye mdomo wa anayekata roho, aipokee pumzi yake ya mwisho, maana roho hutoka nayo. Bwana Satrio hana mke wala mtoto, na desturi hizo amezicheka maisha yake yote. Juzi alimshika Filero mkono.

"Utaipokea wewe."

"Bwana, si unasema hakuna kinachobaki?"

"Nasema. Lakini naogopa, Filero. Ipokee tu."

Wosia wa mzee unamwacha Filero huru siku hiyo hiyo ya kifo. Akikataa, wosia utabadilishwa kabla ya chakula cha mchana.

Jikoni, mpishi Kalida hana simile.

"We bwege, mzee anakuhamia! Utatoka hapa huru, na bwana wako yumo tumboni."

"Niache, mama."

"Wewe utataka dengu, yeye ataagiza samaki!"

Wanawake wa jikoni wanaangua kicheko. Filero hacheki.

"Nimekuwa mali yake tangu utotoni," anasema. "Nikiimeza roho yake, atakayekuwa huru ni mimi au yeye?"

Amepanga kuhamia Neapoli, afungue darasa dogo la kufundisha watoto kusoma. Lakini kwanza itambidi ainame juu ya kitanda kile, na mzee leo anahema kwa shida.

Tunapoagana mlangoni, anaongea akiwa ametazama chini.

"Usiku kucha naiomba miungu shairi liwe kweli, ile pumzi iwe hewa tupu, niende zangu. Naomba hivyo nikijua ninachokiomba. Mwanangu anisamehe."