Pazia la Saa Sita Mchana

Usiniulize nilikuwa nimekunywa nini. Ilikuwa mchana kweupe, Tabora mjini, na hata soda sikuwa nimegusa. Naendesha bajaji, na kazi hiyo imenizoesha kuhesabu abiria mara mbili, wanapopanda na wanaposhuka. Nikikwambia tulikuwa watatu, amini tulikuwa watatu.

Mzungu mmoja alinikodi. Alizaliwa huko kwao kwenye theluji, lakini miaka ishirini alikuwa akipiga picha mahekalu ya Wahindu tu: taa, kengele, maua, nyayo za waumini. Hekalu letu dogo ndilo lilikuwa la mwisho kwenye kitabu chake. Alitupokea mtunzaji, Mama Jaya, Mhindi mzaliwa wa hapahapa anayenishinda Kinyamwezi.

Tulichelewa. Saa sita pazia lililo mbele ya sanamu hufungwa, mungu wao anapumzika mpaka jioni, na hapigwi picha.

"Shikamoo, mama. Picha moja tu," nikamwombea mgeni wangu.

"Marahaba. Hapana."

"Nusu pazia?"

"Wewe ukilala mchana, mkeo huwa anakuletea mpigapicha?"

Mzungu akainamisha kichwa, akaifunika kamera. Mwiko huo aliujua na aliuheshimu. Aliyeharibu ni mimi. Sisi wa sokoni, hapana ni bei ya kuanzia. Mama Jaya alipoingia jikoni nikamnong'oneza mzungu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Bosi, hiyo ni hapana ya kwanza tu." Nikavuta pazia, upana wa kiganja.

Sanamu sikuiona. Aliyekaa pale alikuwa mzungu wangu. Fulana ileile ya mifuko saba, kamera imetuelekea. Nikahesabu: mimi, huyu wa kushoto kwangu, yule. Nikarudia. Watatu. Kamera ya ndani ikalia kacha! Ya huyu wangu bado ilikuwa na kifuniko.

Yule wa ndani akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho mzungu wangu hakuwa nacho kabisa, "Nimekaa vya kutosha. Zamu yake."

Mzungu wangu akanishika mkono. Kiganja chake kililowa jasho. Halafu, wallahi, kikawa kikavu.

Nikaliachia pazia. Aliyekuwa kando yangu akatabasamu, akatoka nje peku, hata viatu hakuvitazama. Mama Jaya akatokea na sahani mkononi, akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Umemtoa nani humu?"

Nikamwonyesha pazia kwa kidole. Alilifungua pazia: sanamu, maua, basi. Yule mtu nikampeleka stesheni, akapanda treni. Sikusubiri iondoke.

Wiki mbili baadaye mkewe akaniandikia kwenye simu, Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine, lakini nilimwelewa: mume amefika, anakula, anacheka, wala hamjui mbwa wake. "Ulinirudishia nani?"

Ujumbe huo nikaufuta.

Wewe, ukiingia nyumba ya ibada ya watu wakakukatalia, ondoka. Usibembeleze, wala usimbembelezee mgeni. Mama Jaya hanisalimii tena. Zamani alikuwa akimwekea mungu wake sahani moja ya chakula nyuma ya pazia, na ilirudi kama ilivyoingia. Siku hizi anaweka mbili. Moja hurudi nzima. Nyingine hurudi imelambwa.