Mshale Uligusa Elfu Tisa

Mshale wa mita uligusa elfu tisa.

Injini ile, kwa uwezo wa Mungu na wa fundi, haikuumbwa kufika hata mizunguko elfu nane kwa dakika. Nilikuwepo. Nilijibanza nyuma ya rundo la matairi, vidole masikioni, nasubiri vyuma viruke.

Havikuruka.

Gari likaondoka, likashinda, likarudi linanguruma kama limetukaniwa mama.

Sasa kaeni vizuri, maana kuna watu mpaka leo kisa hiki wanakisimulia miguu juu kichwa chini.

Mimi ni mstaafu. Maisha yangu yote nimeendesha mashine ya kusaga. Sikusomea popote. Mashine yenyewe ndiyo iliyonifundisha, kwa makofi.

Mdogo wangu, tumbo moja, yeye kasomea injini. Cheti kakitia kwenye fremu, kakitundika juu kuliko picha ya harusi yake. Akaacha kazi kiwandani, akafungua gereji ya kufanyia magari ya mbio overholi, yaani kufumua injini yote na kuifunga upya.

Injini ya kwanza kuletwa ilikuwa ya muuza magodoro mmoja. Tumwite Bwana Godoro, maana hata kichwani alijaza sponji.

Wapenda mbio wote wa mji wakawa wanaisubiri injini hiyo. Ikitoka salama, gereji imesimama. Ikipasuka mbele za watu, mdogo wangu arudi kiwandani akapige magoti getini.

Overholi ikaisha. Kazi safi, hata mimi mwenye mdomo nilikosa la kusema. Ikabaki kuweka kikomo cha mizunguko. Yaani unaiambia kompyuta ya gari: injini ikifika hapa, kata mafuta, hata dereva akanyage mpaka kiatu kitokee upande wa pili.

Bwana Godoro akaja na kamati yake. Wanaume wazima, miwani ya jua ndani ya gereji yenye giza, hakuna hata mmoja aliyewahi kubadilisha plagi.

"Fundi, tuwekee tisa," akasema.

"Tisa nini?"

"Elfu tisa, kaka. Tisa inanoga."

Mdogo wangu akafuta mikono. "Bosi, nimeipima. Nguvu yake inaishia elfu sita na mia nane. Ukipita hapo unanunua kelele. Nakuwekea elfu saba na mia mbili, upate nafasi ya kubadilisha gia."

Kamati ikaguna kama imeambiwa nyama imeisha.

"Saba?" Godoro akacheka. "Gari la mke wangu la kwendea sokoni lina saba!"

"La mke wako lina injini nyingine. Hii pistoni yake inasafiri mbali, juu chini, juu chini. Mkono unaoishika ni ule ule uliotoka kiwandani. Na ukiongeza mwendo kidogo, mzigo kwenye mkono hauongezeki kidogo, unaongezeka kwa hasira. Halafu kuna springi za valvu. Mwendo ukizidi zinashindwa kurudisha valvu kwa wakati. Pistoni inapanda, inaikuta valvu bado ipo sebuleni."

"Halafu?" akauliza mmoja wa kamati.

"Halafu unaita gari la kukuvuta."

Nikaona nisaidie. Nikawapa kisa cha tajiri aliyetaka unga utoke haraka kabla mvua haijanyesha. Akanisukuma pembeni, akaongeza mwendo mwenyewe. Jiwe la kusagia likatoka kupitia ukutani, likavuka barabara, likaenda kusimama mlangoni kwa daktari linaomba plasta.

"Mzee, hilo ni la uongo," akasema Godoro.

"La daktari nimetia chumvi. La ukuta nenda kaangalie."

Hakusikia. Akatoa boksi dogo mfukoni, akalifungua kwa madaha. Mita mpya ya mizunguko. Rangi nyekundu ilianzia penye tisa.

"Umeona? Nyekundu inaanzia tisa. Sasa injini ina ruhusa."

Ndugu zangu, niliishi kwenye kelele za mashine miaka yote hiyo nikadhani nimesikia kila kitu. Mtu anaamini ukibandika namba kubwa kwenye mita, injini inaisoma na kutii. Kwa akili hiyo ukimvalisha paka shuka lenye picha ya simba, kesho anakula mbuzi.

Kamati ikapiga kura. Haki ya Mungu, walinyoosha mikono! Injini ya watu inapigiwa kura kama mweka hazina wa upatu.

Tisa ikapita bila kupingwa.

"Usipoweka," Godoro akamwambia mdogo wangu, sasa hacheki, "napeleka kwingine. Na kila atakayeniuliza nitamwambia gereji yako ni ya waoga."

Mdogo wangu akatazama cheti chake ukutani.

"Acha mita hapo, bosi. Njoo uchukue gari Ijumaa."

Walipotoka nikamrukia.

"Kwa hiyo umeuza kichwa?"

"Kaka, nenda nyumbani."

"Mama alituzaa wawili, kumbe aliyepata uti wa mgongo ni mmoja!"

"Nenda nyumbani, kaka."

Nikaenda. Na nikaapa siku ya mbio nitakuwepo, nishuhudie chuma kikimfundisha mtu adabu.

Mbio zilifanyika kwenye uwanja wa ndege wa zamani, barabara iliyonyooka, magari mawili mawili. Godoro alipangwa na binamu yake. Binamu ana gari lile lile, injini ile ile, ila alitengenezewa na fundi mwingine.

Kabla ya kuanza, Godoro akafungua mlango kila mtu aone, akakanyaga moto gari likiwa limesimama. Ushamba wa kiwango cha juu. Mshale ukapanda. Sita. Saba. Nane.

Tisa.

Nikaruka nyuma ya matairi. Mtu mzima na mvi zangu.

Injini ikawa inakata, ta-ta-ta-ta, mafuta yanafungwa na kufunguliwa. Lakini sauti ilikuwa tamu, nzito. Haikulia kama kitu kinachouawa.

Wakaachiwa. Godoro alipitisha kila gia penye tisa yake, binamu akabaki anakula vumbi.

Kamati ikanijia, mimi mzee wa watu, kwenye matairi yangu.

"Vipi, babu, bado unaitafuta plasta?"

"Toka huko, rudi kwenye unga!"

Nilikunywa aibu ile nzimanzima, bila sukari.

Jioni nikaenda kwa mdogo wangu kuomba radhi, jambo ambalo huwa silifanyi. Nikamkuta kakaa kwenye ngazi. Shemeji, mkewe, anakunja nguo. Shemeji ni mchora mabango. Nusu ya maduka ya mji ule yamevaa mkono wake.

"Nimekubali," nikasema. "Injini imeweza tisa."

Shemeji akaanza kucheka mpaka nguo zikamwanguka.

"Tisa ipi, shemeji? Ile nimeichora mimi."

"Umechora nini?"

"Uso wa mita. Mume wangu kaweka kikomo chake cha saba na mia mbili, mimi nikazisogeza namba. Injini ikifika saba na mia mbili, mshale unasimama penye tisa. Nyekundu nimeiweka nzuri kuliko ya dukani."

Nikakaa chini. Kumbe Godoro kashinda kwa sababu kila mara alibadilisha gia pale pale fundi alipotaka!

Nilicheka usiku ule mpaka mbavu zikaomba likizo. Mdogo wangu hakucheka.

"Kaka, injini imepona," akasema. "Lakini wanaisifu namba ambayo sikuiweka."

"Acha waisifu. Gereji si imesimama?"

Basi. Godoro naye hakukaa kimya. Kila kona, elfu tisa. Kwenye harusi, elfu tisa. Anauza godoro, katikati ya bei anaweka elfu tisa.

Habari ikatufikia kwamba binamu amekwenda kwa fundi wake kudai na yeye awekewe tisa. Na yule fundi, njaa mbaya, kakubali. Kaweka tisa ya kweli.

Mdogo wangu hakumaliza hata chai. Tukaenda naye dukani kwa Godoro, tukawakuta wote wawili wamekaa juu ya magodoro kama masultani.

Akasema yote. Kikomo, mita, mkewe, rangi. Alisema mbele ya wateja, jasho linamtoka.

"Gari lako halijawahi kufika elfu tisa, bosi. Nilikudanganya. Na wewe binamu, ukikanyaga hiyo yako, itavunjika."

Godoro akamtazama binamu. Wakaangua kicheko kimoja.

"Umeona?" Godoro akasema. "Nilikwambia! Anataka siri ibaki kwake."

"Fundi, wivu mbaya," binamu akadakia. "Mke wako achore injini? Basi na wewe akuchore mbawa uruke!"

Mdogo wangu akashika mlango. "Nipe gari nikuoneshe kwenye kompyuta."

"Ili uliharibu? Thubutu!"

Tukatoka. Unafanya nini zaidi? Huwezi kumwokoa mtu aliyejifungia kwa ndani.

Mbio zilizofuata, binamu alikanyaga. Safari hii sikujificha, nilikaa mbali kama mtu mwenye akili. Injini ikalia, ikapanda, ikapita nane, ikaanza kupiga ukelele mwembamba. Kisha pu! Mkono wa pistoni ukatoboa ubavu wa injini, mafuta yakamwagika barabarani kama mchuzi. Binamu akatoka mzima, suruali tusiizungumzie.

Nikajua leo ukweli umefika. Leo watamwomba mdogo wangu msamaha.

Wakamjia kweli. Umati mzima, Godoro mbele.

"Mmeona?" Godoro akapaza sauti, kamshika mdogo wangu bega. "Elfu tisa si ya kila fundi! Ni huyu tu ndiye anayeiweza!"

"Mimi sikuwahi kuweka elfu tisa!" mdogo wangu akapiga kelele. "Ni saba! Saba na mia mbili!"

Wakacheka kwa upendo kabisa. "Mnyenyekevu huyu!"

Leo gereji imejaa magari mpaka barabarani. Mdogo wangu anaitwa Fundi Elfu Tisa. Alitaka awe fundi ambaye neno lake likisemwa limesemwa. Sasa ana kila kitu, isipokuwa mtu mmoja wa kuliamini neno lake. Kila mteja akiambiwa saba, anakonyeza jicho.

Funzo? Lipo, na ni chungu. Mpumbavu ukimficha ukweli ili umwokoe, umemwokoa yeye tu, na umemwachia mdomo wa kuwaangamiza wengine. Na ukweli ukichelewa kufika, hauitwi ukweli tena. Unaitwa wivu.